Pipa, pini na ndimu: jinsi brasi inavyotakata bila kusuguliwa

Fundi akiona vipande vya brasi vinatoka kwenye pipa la kuzungusha vimetakata mpaka ndani ya tundu, swali lake la kwanza ni moja tu: "Umeweka dawa gani humo?" Akijibiwa kwamba ni asidi ya ndimu, robo ya kijiko cha chai, haamini. Anakwenda kwake anaweka kijiko kizima cha chakula, na jioni anashangaa brasi yake imegeuka rangi ya waridi kama bomba la shaba la friji. Sifa zote zimepewa asidi, wakati asidi ndiyo yenye kazi ndogo kuliko vyote vilivyomo ndani ya lile pipa.

Njia yenyewe haikuanzia kwenye karakana za koki na karabai. Imekomazwa na wapiga shabaha, hasa wa Marekani, ambako watu huokota maganda ya risasi waliyofyatua, wakayasafisha na kuyajaza upya. Ganda la aina hiyo ni brasi yenye shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Likishafyatuliwa huwa na masizi ndani, moshi uliogandia shingoni, na uchafu mgumu kwenye kijishimo cha kiberiti, yaani kile kidude kinachowasha baruti, pale kitakoni. Zamani waliyasafisha makavu, kwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa au maganda ya jozi, kwenye chombo kinachotikisika. Nje yaling'aa vizuri. Ndani yalibaki meusi vilevile. Ndipo ikaja njia ya maji: pipa linalozunguka polepole, pini ndogo za chuma kisichoshika kutu, sabuni, na asidi kidogo. Pini zinaingia pale ambapo brashi haifiki.

Kabla hatujaendelea, jambo moja la kisheria. Kwetu Tanzania silaha na risasi zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na kujaza risasi si kazi ya karakana ya mtaani. Ganda likijitokeza kwenye gunia la chuma chakavu, lipeleke polisi. Usilitie kwenye pipa ati uone litakavyong'aa, kwa sababu ukiwa huijui kazi hiyo huwezi kujua kwa macho kama kiberiti chake kimeshalipuka au bado. Tunachokichukua kwa wapiga shabaha ni maarifa ya kusafisha, basi.

Na brasi ya kusafisha Mwanza haikosekani. Kuna koki za zamani zilizofunguliwa kwenye nyumba zinazokarabatiwa, vali, maungio ya mabomba, vizibo, nozeli za kabureta, maungio ya geji za upepo. Kuna karabai. Kwa miaka mingi taa hizo ndizo zilizowasha ziwa usiku wa giza, wavuvi wakiwavuta dagaa kwa mwanga, na mwezi ukiwa mpevu wanapumzika. Taa za sola na betri zimezipokea kazi nyingi, na karabai zilizobaki zimegawanyika: nyingine zinaendelea kutengenezwa, nyingine zimekwenda kwa wanaonunua vitu vya kale, nyingine zimeishia kwa wafua vyuma, kama wale wa Makoroboi pale mjini, mtaa ambao kutoka zamani bati chakavu linaingia na kutoka likiwa kibatari. Ukishika kichwa cha karabai kilichokaa miaka kumi stoo utaona uchafu wa kila aina umekutana mahali pamoja, kwa hiyo ni mfano mzuri wa kujifunzia.

Kitazame kwa karibu. Juu kabisa kuna mafuta na vumbi, mchanganyiko unaonata. Chini yake masizi, ambayo ni kaboni, nayo haiyeyuki katika asidi yoyote unayoweza kuinunua dukani. Chini ya masizi kuna ngozi ya kahawia au nyeusi, brasi yenyewe iliyoungana na oksijeni ya hewani. Na pale maji yalipokaa, kwenye mizizi ya hesi (zile nyuzi za skrubu) na kuzunguka washa, kuna ule ukoga wa kijani. Tabaka nne, na kila tabaka lina adui wake. Sabuni inashughulika na mafuta. Pini zinashughulika na masizi. Asidi inashughulika na ile ngozi nyeusi na ukoga wa kijani. Ukimwaga asidi juu ya kitu chenye mafuta na masizi, haifiki inakotakiwa. Inakula pale palipo wazi na kuacha pale palipofunikwa, na hayo ndiyo madoadoa ambayo watu huyaita "dawa mbaya".

Bibi zetu wa pwani waliosugua sinia za shaba kwa ukwaju na majivu walikuwa na asidi ya ukwaju mkono mmoja na kikwaruzo laini mkono wa pili. Kilichoongezwa na pipa ni kwamba mkono hauchoki na kidole kinaingia kwenye tundu la milimita mbili.

Tuanze na pini. Za kawaida zina unene wa milimita 1.2 na urefu wa milimita 6 na nusu hivi. Chuma hicho ni kigumu kuliko brasi, na ungedhani kitaikwaruza. Hakikwaruzi, kwa sababu ncha zake zimelainishwa na mwendo wake ni wa kuteleza ndani ya maji ya sabuni: kila pini inagusa, inasukuma kidogo, inapita. Maelfu ya miguso midogo inayobandua masizi na wakati huohuo inalaza uso wa brasi. Mng'ao unaouona mwishoni umetoka hapo. Ndiyo maana brasi iliyolowekwa tu kwenye ndimu hutoka safi lakini imepauka, haina uhai.

Watu wengi wa kanda hii watafikiria mchanga wa ziwani. Upo bure, na unasugua. Tatizo ni kwamba chembe nyingi za mchanga huo ni kwatzi, jiwe ambalo ni gumu kuliko brasi kwa mbali, tena lina kona. Linakata. Hesi zinalika, kiti cha vali kinapoteza ulaini wake, na koki uliyoisafisha inaanza kuvuja kwa usafi huo. Misumari iliyokatwakatwa nayo hapana, kwa sababu nitakayoieleza nikifika kwenye asidi. Wapo wanaokata waya wa kulehemu wa stenlesi wenye unene wa milimita 1.2. Hilo linafaa, mradi vipande hivyo kwanza vizungushwe peke yake na sabuni hadi ncha zilainike. Ila piga hesabu kabla hujaanza: kilo mbili na robo za pini za urefu huo ni kama vipande 40,000. Anayetaka kuvikata kwa koleo namtakia afya njema. Ni heri uanze na nusu kilo na vipande vichache vya brasi, au uagize zilizo tayari.

Unene wa pini una siri yake. Ganda la risasi lina tundu la kupitishia moto lenye upana wa takriban milimita 2. Wapiga shabaha waliotumia pini za milimita 1 walikuta mbili zinaingia pamoja na kubana kabisa, kazi ya kuzing'oa ikawa kubwa kuliko ya kusafisha. Pini ya 1.2 hupita moja tu, ya pili haina nafasi. Kanuni hiyohiyo itumie kwenye karabai na kabureta: pima tundu, jiulize kama pini mbili zinaweza kukaa humo bega kwa bega. Nozeli yenye kijitundu ambacho hata pini moja haiingii, pipa halitakizibua. Litaing'arisha nje, na wewe utadhani imepona.

Sabuni ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote, na mimi naiweka ya kwanza. Kazi yake si kutoa mafuta tu. Masizi yakishabanduliwa lazima yashikiliwe kwenye maji yasirudi kukaa juu ya brasi. Pipa lisilo na sabuni ya kutosha hutoa vipande vya kijivu, vinavyopaka mikono. Na hapa aina ya sabuni ni muhimu. Sabuni ya mche haifai: imetengenezwa kwa mafuta na magadi, na ikikutana na asidi inavunjika na kurudi kuwa mafuta, mabonge meupe yanayonata kwenye kila pini. Sabuni ya unga ina magadi mengi, inaimaliza asidi kabla haijafanya kitu. Inayotakiwa ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Hata ile ya kupima ya mtaani inafaa, ingawa baadhi ya watengenezaji huzidisha magadi. Ukiona tabaka la kijani haliondoki kabisa, shuku hapo kwanza kabla ya kuongeza asidi.

Kipimo kinachozunguka miongoni mwa wapiga shabaha, nikikigeuza kwa kilo na lita, ni kama hiki: brasi kilo moja, pini kilo mbili na robo, maji lita nne hivi, sabuni kijiko kimoja au viwili vya chakula, na asidi ya ndimu ya unga robo ya kijiko cha chai. Hiyo robo ni kama gramu moja na kidogo. Juisi ya ndimu ina asidi hiyo kwa takriban asilimia 5, kwa hiyo gramu hiyo imo ndani ya mililita 25 hivi, yaani ndimu moja yenye maji mengi, au mbili zilizosinyaa. Ndimu moja kwa lita nne! Wanaokamua kumi wanapika kitu kingine.

Kwa nini kidogo hivyo? Kwa sababu asidi ikishamaliza ngozi nyeusi haisimami. Inageukia brasi, na ndani ya brasi zinki hutoka kwa urahisi kuliko shaba. Zinki ikipungua juu, kinachobaki ni shaba tupu, na ndiyo ile rangi ya waridi. Mara nyingi ni utando tu, unatoka ukirudia mzunguko kwa sabuni na asidi chache zaidi. Lakini kipande chembamba kilicholowa usiku kucha kinaweza kuwa kimeoza kwa ndani. Na hapa ndipo misumari inapoingia: shaba iliyoyeyuka kwenye asidi ikikutana na chuma cha kawaida huhamia juu yake na kukipaka wekundu, na chuma chenyewe kinayeyuka na kuchafua maji. Bolti moja iliyosahaulika kwenye mwili wa koki inatosha kuharibu kundi zima.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiliache pipa limelala na asidi yake mpaka urudi. Vipande vilivyo chini vinaendelea kulika upande mmoja, na mstari wa maji unajichora juu ya vile vinavyoelea nusu. Fungua, suuza, subiri.

Sasa mwendo. Mtu anayetoka Geita au aliyewahi kusimama karibu na makarasha ya dhahabu atasema pipa analijua. Analijua, ila la kazi nyingine. Karasha linazungushwa kwa kasi inayozipandisha gololi za chuma juu kisha kuziangusha, zipondeponde mawe. Pipa la kusafishia likienda hivyo linaponda hesi. Tunataka vilivyomo vipande ubavuni kidogo kisha viporomoke kwa kuteleza, kama mchele unaopepetwa unavyorudi kwenye ungo. Na likienda kasi zaidi ya karasha, kila kitu kinaganda ukutani na kuzunguka nalo. Motor inanguruma, hakuna kinachosafishwa.

Kasi ya kuganda ukutani ina hesabu yake: gawanya 42.3 kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha pipa kwa mita. Ndoo ya lita 20 ina kipenyo cha karibu sentimita 30, kwa hiyo inaganda kwenye mizunguko kama 77 kwa dakika. Nusu yake, mizunguko 35 hadi 45, ndiyo kasi nzuri. Motor ya kawaida huzunguka mara 1,400 hivi kwa dakika, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani wanahitaji giaboksi. Hawahitaji. Weka puli ya sentimita 6 kwenye motor na ya sentimita 14 kwenye rola ambayo ndoo inalala juu yake, rola itazunguka mara 600. Rola yenye kipenyo cha sentimita 2 ikiisukuma ndoo ya sentimita 30, ndoo inazunguka mara 40. Mkanda mmoja, rola mbili, beringi nne. Ndani ya ndoo bandika vipande viwili vitatu vya mpira kwa urefu, la sivyo mzigo utateleza chini bila kugeuka, na usijaze kupita theluthi mbili.

Baada ya nusu saa fungua mfuniko. Maji yatakuwa meusi kama wino, povu la kijivu. Chukua msumari wa koki, yaani ule unaopanda na kushuka ukifungua maji, uusuuze: migongo ya hesi itakuwa imeshang'aa, mabonde bado kijani. Hapo ndipo mkono unawasha kuongeza asidi. Usiongeze. Mwaga maji hayo kwenye beseni, weka maji mapya, sabuni mpya, asidi kiasi kilekile, zungusha tena saa moja au mbili. Maji machafu ndiyo yaliyosimamisha kazi.

Kufungua mfuniko kuna sababu nyingine. Asidi ikigusa zinki, chuma au aluminiamu hutoa gesi ya haidrojeni, na ndoo iliyofungwa sana inavimba. Kwa hiyo mwili wa kabureta, ambao kwa kawaida ni aluminiamu au mchanganyiko wa zinki, hauingii humo. Toa nozeli za brasi peke yake. Kufuli zima haliingii, lina springi na chuma. Tangi la karabai haliingii pia, si kwa sababu ya asidi bali kwa sababu bati lake ni jembamba na vichwa vya vali vitalibonyeza. Hilo lisafishe kwa mkono. Na dawa ya klorini ya kuondoa madoa isikaribie mahali penye asidi, kwa sababu vikichanganyika vinatoa gesi inayochoma mapafu.

Adui mkubwa wa brasi, hata hivyo, ni amonia, na kisa chake ni cha maganda ya risasi kweli. Jeshi la Waingereza huko India lilikuwa likihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi majira ya mvua za masika yao. Mvua zikiisha, maganda mengi yalikutwa yamepasuka bila kuguswa na mtu. Mwaka 1921 ndipo watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson walipoeleza sababu: mkojo wa farasi hutoa amonia, na amonia hupenya kwenye brasi ambayo ilibaki na mkazo tangu ilipovutwa kiwandani ikiwa baridi. Vyote viwili lazima vikutane, mkazo na amonia. Kwetu farasi hakuna, lakini banda la kuku uani lipo, na mbolea ya kuku ina amonia ya kumwaga machozi. Sanduku la vali na nati za brasi lisikae ukuta mmoja na banda. Soma pia maandishi ya dawa za kung'arishia shaba. Baadhi zina amonia, na kipande kinachobeba mgandamizo wa gesi au mvuke hakistahili kupakwa.

Kukausha ni kwepesi. Suuza mara tatu. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani na hayana chumvi nyingi, hivyo hayaachi madoa meupe kama ya visima vingine. Pini zitoe kwa ungo na sumaku, kwa kuwa stenlesi iliyovutwa kuwa waya huvutika kidogo. Brasi ianike juani kwenye gunia, au iviringishe kwenye magunzi makavu yaliyosagwa, ambayo yanafyonza maji na kuongeza mng'ao. Usiweke juu ya jiko la mkaa: joto la mkaa hulainisha brasi, na kipande kilicholainika hakirudi ugumu wake kwa kupoa. Ukitaka mng'ao ukae, paka nta nyembamba. Usipopaka, unyevu wa ziwa utaanza kuirudisha kahawia, jambo ambalo haliidhuru hata chembe.

Limebaki lile beseni la maji meusi. Ndani yake mna shaba na zinki zilizoyeyuka, na kama ulisafisha koki, mna madini ya risasi pia, kwa kuwa brasi ya kuchonga huwekewa asilimia 2 au 3 ya madini hayo ili ichongeke vizuri. Kwa samaki, shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa viwango vya kupimwa kwa mikrogramu. Mtaro wa Mwanza una njia moja tu, kuteremka: kwenye mto Mirongo, kisha ziwani. Wengine hutia chokaa wakitegemea metali zizame. Baadhi zitazama, lakini asidi ya ndimu hushikamana na shaba na kuibakiza kwenye maji, hivyo maji yaliyotulia si lazima yawe salama. Njia ya uhakika kwa karakana ndogo ni jua. Mimina kwenye beseni pana la plastiki, weka mahali ambapo watoto na kuku hawafiki, liache likauke. Vaa glavu unapokwangua ule unga wa kijivu na kijani, usiukwangue mkavu kabisa ukapeperuka, uweke kwenye kopo lenye mfuniko na uandike juu yake kilichomo. Kopo moja litachukua muda mrefu kujaa.